Fagio la Siku ya Safari

Kwetu Kasongo, mtu akisafiri, nyumba haifagiwi siku hiyo, ili arudi. Mume wangu alipopanda pikipiki kwenda kuchimba dhahabu Salamabila, sikugusa fagio mpaka kesho yake.

Alikuwa bado hajarudi nilipookota mtoto wa sungura shambani, baada ya moto wa kusafishia shamba la mpunga kupita. Mama yake alikuwa ameungua. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kidole, nikamlaza kwenye kikapu, ule upande wa kitanda uliokuwa mtupu.

Alipoanza kula matembele, jirani yangu akawa anakuja kila asubuhi kumpapasa mgongo. “Mama, hii kitoweo yako tutaipika lini?” Nikamwambia akapike kuku wake. Lakini hata mbwa wake alishaanza kuchungulia mlangoni.

Nikambeba sungura mpaka kwenye majani marefu ng'ambo ya kijito. Aliruka mara moja, akapotea.

Nilirudi nikashika fagio siku ileile, jua bado likiwa juu, ili sungura asirudi. Nilifagia nyumba nzima, hata chini ya kitanda. Pale zilipo kandambili za mume wangu tu sikupagusa.