Mupira Mwekundu Niliouchagua Mwenyewe

Nianze na waliokuwapo, asije muntu akasema nimetunga. Alikuwapo Yakobo, aliyekuwa anioe siku ile. Alikuwapo Zakaria, mdogo wake, mwenye miguu ya kukanyaga kinga (baiskeli, kama munavyosema nyinyi mliosoma) kutoka Lubarika mpaka Uvira bila kushuka. Alikuwapo shangazi yangu Feza, dada ya baba, aliyekuwa ananipeleka, na Esta, binti ya mama mdogo, aliyenibebea sanduku kichwani. Na alikuwapo baba mkwe wangu. Jina lake mutaona silitaji, na mkasa wenyewe njo huo, ndio huo hasa. Niliibeba aibu yake miaka mingi, lakini sasa nimezeeka, haiko na uzito tena, basi acha niwaambie wajukuu zangu mucheke (hata mimi nacheka, na meno yenyewe yamebaki matatu).

Ilikuwa mwaka ule wa uhuru, kila muntu alitaka kitu kipya, hata kuku nafikiri walitaka. Siku chache kabla ya arusi Yakobo alinipeleka Uvira pamoja na Shangazi Feza, kwa sababu mupira wa nyuma wa kinga yake ulikuwa umekwisha, umeshonwa kwa uzi mpaka unafanana na kikapu. Dukani alikuwako kijana moja anaitwa Salumu, akatutolea mipira miwili. Moja mweusi tititi, mzito, bei yake ya kutisha. Wa pili mwepesi, bei nafuu, lakini pembeni umezungukwa na mstari mwekundu, mwekundu kabisa kama maua ya kitenge changu cha arusi.

Yakobo akasema, "Chagua weye, weye njo utakaa nyuma."

Salumu, Mungu amubariki popote alipo, alinionya. "Dada, huu mweusi iko na nyuzi nyingi ndani, unabeba muntu na muzigo. Huu mwekundu iko wa kuonyesha tu."

Nikasema, "Si tunaenda kuonyesha?"

Shangazi Feza akacheka, Yakobo akacheka, Salumu akatikisa kichwa, tukanunua mwekundu, na pesa iliyobaki nikapata beseni yenye maua. Nilirudi kwetu Lubarika nimenyoosha shingo kama mke wa shefu wa kijiji.

Sasa musikilize desturi, maana nyinyi wa leo munaoana kwa simu. Zamani kwetu bibi arusi akitoka kwao alifunikwa kitenge mpaka usoni, na njiani hasemi neno hata moja, mpaka afike kwa wakwe wamupe mbuzi ya kumufungua kinywa. Aliyesema kabla ya mbuzi, wangeweza kumurudisha kwao. Na jina la baba mkwe halitaji siku ile wala siku nyingine, hata mzee akifa.

Bwana arusi alibaki kwao Mutarule kungoja na baba yake, Zakaria njo alikuja kunichukua na kinga ya Yakobo. Nikakaa nyuma kwenye chuma cha kubebea mizigo, gunia la mpunga limefungwa chini yangu kama kiti (wazo la Shangazi, alisema bibi arusi asifike na matako ya kuuma), beseni mapajani, na jua la uwanda wa Ruzizi hamulijui nyinyi, linapika barabara kama chungu. Zakaria alikuwa anaenda polepole, Shangazi na Esta wanatembea nyuma wakiimba. Tumebakiza kidogo kufika, nikaanza kusikia chini yangu: tuk. Kimya. Tuk. Kimya. Tuk. Nikainua kitenge kidogo nikachungulia, nikaona mupira umetoa uvimbe kama shavu la muntu mwenye jino, na kila ukizunguka uvimbe unagonga chuma.

Nifanye nini? Kusema siwezi. Nikamufinya Zakaria mbavuni.

Yeye akafikiri nimeogopa, akasema, "Usiogope shemeji, tunafika," akaongeza mwendo! Nikamufinya tena, kwa nguvu, na nyuma nikamusikia Esta ameacha kuimba.

"Shangazi! Anamufinya shemeji yake!"

"Nyamaza, labda iko anajishika."

"Kujishika gani? Mara ya tatu hiyo!"

Na kweli, nilikuwa nimemufinya tena, mara ya tatu. Hapo tulikuwa tumeingia kwenye kale kateremko ka kushuka nyumbani kwa wakwe, ngoma zinalia, wamama wanapiga vigelegele, na katikati ya njia, amevaa koti lake na kofia, amesimama baba mkwe kunipokea. Mupira ukapasuka, paa! Breki zikashikwa bila faida, kinga ikaanza kucheza kama mbuzi aliyekata kamba, inamuelekea mzee pale pale, na yeye badala ya kukimbia anatutolea tabasamu.

Nikaita jina lake. Lote, la nyumbani na la ubatizo. "Toka njiani, utakufa!"

Mzee akaruka. Sisi tukapita pale aliposimama, tukaenda kuanguka ndani ya mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi, uliokuwa umejaa kando ya njia, Zakaria kichwa, mimi matako, beseni ikabingirika peke yake mpaka mlangoni, ikafika kwa wakwe kabla yangu.

Ngoma zikanyamaza. Wamama wote mikono mdomoni. Shangazi Feza alikwisha kumugeuza Esta na sanduku langu kichwani, analia, "Turudi, mwanangu, turudi, tumekwisha."

Nikaona Yakobo ameshika kichwa kwa mikono miwili, na nikajua hapo njo arusi yangu inafia, ndani ya pombe.

Baba mkwe akaja taratibu, akainama, akaingiza ngumi nzima kwenye tundu la mupira. "Nani alichagua hii?"

Yakobo akajipiga kifua, akasema, "Ni minye, baba."

Na mimi, kwa kuwa kinywa kilikwisha kufunguka, nikasema, "Hapana. Ni minye. Kwa sababu ya rangi."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Huyu angenyamaza, saa hii mungekuwa munanizika pamoja na desturi yenu. Leteni mbuzi yake! Kinywa kimejifungua chenyewe, lakini mbuzi ni yake."

Kesho yake alienda mwenyewe Uvira akarudi na ule mweusi wa bei kali. Miaka ya uasi ilipokuja tukakimbilia Burundi, mupira ule ulibeba watoto wawili, gunia na ile beseni, haukutoboka hata mara moja. Wa mbele, wa bei rahisi, ulipasuka, Yakobo akajaza majani ya migomba ndani tukaendelea. Kwa hiyo munaoniuliza kama mipira ya bei ina faida: nyuma ndiyo, kwenye muntu na muzigo, mbele weka unaoweza. Na mimi nimeapa, kitu kinachozunguka sikichagui tena kwa rangi.

Kama nimekosea, labda sanduku hakubeba Esta, labda mtumbwi ulikuwa nusu, munisahihishe. Lakini jina la baba mkwe musinikumbushe. Nalikumbuka sana. Nimelitaja mara moja maishani, na siku ile lilifanya kazi yake.