Ndoo ya Udhu na Karai la Simba

Ndugu zangu, haya nimewaficha hata watu wa nyumbani Murang'a. Nilikuwa karani mgeni Garissa, kwenye bohari la chakula cha kambi ya wakimbizi ya Ifo. Joto lile liliniumiza roho kwa ajili ya wanyama: Simba, mbwa wa mlinzi, nilimwekea karai la maji kivulini, paka wetu nikamlowanishia gunia alalie.

Adhuhuri moja nikamkuta paka anakunywa kwenye ndoo ya udhu ya mkubwa wangu, Mzee Nur. Nikajua maji yameshanajisika! Nikayamwaga maji yote. Kufungua mfereji, mkavu. Basi kwa akili zangu nyingi, nikayahamishia ndooni maji ya Simba. Yalikuwa maangavu, nani angejua?

Mzee Nur akaja, mikono ya kanzu ameshaikunja. Nikajigamba: "Mzee, paka alikunywa maji yako. Nimekubadilishia."

Akacheka sana. "Warya, wewe kijana, paka hana neno, tunatawadha tu. Ingekuwa mbwa, hapo sawa. Lakini mfereji umekauka tangu asubuhi. Haya umeyatoa wapi?"

Kabla sijajibu, Simba alinusa karai lake tupu, akaufuata mchirizi wa maji niliouacha mchangani hadi kwenye ndoo, akatumbukiza mdomo kama mwenye mali.