Ndege ya Boksi la Samaki

Kabla sijapandishwa cheo nikawa mrushaji, nilikuwa upepo. Kazi yenyewe ilifanyika sebuleni kwetu Likoni, baada ya chai ya alasiri, na haikuhitaji cheti changu cha fomu foo ambacho hadi leo kimelala kabatini kikinuka dawa ya nondo. Mke wangu alikaa mkekani, kompyuta iko mapajani. Mimi nilisimama katikati ya chumba nimekumbatia ndege nyeupe ambayo mabawa yake yaligusa pazia upande huu na karibu yaangushe saa upande ule.

"Inamisha kulia," akasema.

Nikainamisha. Kibao chembamba kilichobandikwa ukingoni mwa bawa kikajikunja chenyewe, krr, kama kinachotaka kunirudisha nilikotoka.

"Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwake?"

"Kwake. Wewe leo huna kushoto."

Siku moja, kwa kuchoka na kwa uchokozi, nililipiga bawa kofi la ghafla. Vibao vikaruka huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji. Nilitarajia matusi. Mke wangu akaitazama kompyuta yake, akakunja uso, akaandika kitu.

"Fanya tena," akasema.

"Nifanye nini tena?"

"Huo ujinga wako. Fanya vilevile."

Basi wiki nzima nikawa naidhulumu ndege kwa amri ya mwenyewe. Kila nikiipiga, vibao vilitapatapa kidogo kuliko jana. Mwisho vikawa vinajibu mara moja tu, kwa utulivu, kama mtu mzima anayechokozwa na mtoto. Nimeoa miaka mingi na sijapata kusifiwa kwa uchokozi ila wiki hiyo.

Ndege ilitoka soko la samaki. Yale maboksi meupe manene ya ukuta, mepesi ya uzito, yanayoletewa samaki na barafu, mke wangu aliyaona siku moja yametupwa akasimama njiani kama aliyeona dhahabu. Akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Akayaosha kwa sabuni, akayasugua kwa ndimu, akayaanika uani, akayakata mabawa na mkia kwa waya wa moto. Juu yake mimi, fundi cherehani wa barazani, nilipewa heshima ya kubandika selotepu ya rangi ya machungwa ili ionekane angani. Niliibandika vizuri, tena kwa mshono ulionyooka. Lakini jua likiwa kali bado ilinuka samaki changu.

Tumboni mwake alilaza kidude cha ukubwa wa kiberiti alichokiita ubongo. Kilikuwa na uwezo wa kujua ndege imeinama kiasi gani, na kwa kusikiliza satelaiti kilijua iko wapi. Ila kujua si kutenda. Nini kifanyike bawa likiinama, ni lini igeuke, iende juu au ishuke, hayo ndiyo aliyoyaandika mke wangu mwenyewe, mstari kwa mstari, baada ya kufunga kibanda chake cha kutengeneza simu na redio. Nilipomuuliza kwa nini asitafute ubongo uliokwisha fundishwa na wengine, maana upo, alinijibu, "Na wewe kwa nini hununui shati dukani?"

Nilikuwa nimevaa shati nililolishona mwenyewe, tena mkono mmoja ulizidi mwenzake.

Hii haikuwa ndege ya kwanza. Iliyotangulia aliirusha kwa rimoti mpaka juu, akabonyeza swichi ya kuukabidhi ubongo, na hapohapo ikainama kulia, ikazidi kuinama, ikajigeuza mgongo ikaja chini moja kwa moja. Kumbe alikuwa ameandika kinyume: ilipoinama kulia, ubongo uliisaidia iiname zaidi. Sikuwepo, bila shaka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata feri naijua zaidi kwa honi yake kuliko kwa sitaha yake. Lakini alirudi na vipande ndani ya kiroba, akavimwaga mbele yangu, akasema, "Imenitii. Nimekosea mimi." Wala hakulia. Akaanza kuchagua kipi kinafaa. Mimi nikikosea kukata kitambaa hulaumu mkasi, mteja, na umeme.

Tabu ilikuwa konde. Kurusha kitu kama hicho kwahitaji ruhusa, naye aliihangaikia akaipata, lakini ruhusa ilikuwa ya mahali pamoja tu: konde la mama yake kule ndani, nyuma ya Likoni, penye majani matupu bila nyuzi za umeme wala mapaa ya watu. Kwingine ni nyumba juu ya nyumba, na ng'ambo ya maji ndege za kweli zatua na kuruka kutwa. Na mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa amempa konde lile mpaka mvua tu. Mvua zikawa zanukia. Trekta lilikuwa liingie Jumatatu, konde zima litiwe muhogo, na muhogo ukishasimama hawezi kutua hata nzi.

Kwa hiyo ilibaki Jumapili moja. Na betri moja, kwa sababu nyingine ilikuwa imevimba kama andazi.

"Izunguke konde mara tatu yenyewe," aliniambia, "kisha irudi juu yetu ilipoondokea. Bila mkono wangu."

"Na ikitaka kuanguka?"

"Nikiigusa ni mimi niliyeirusha. Haihesabiki."

"Na ikianguka kweli?"

Akaifunga kompyuta. "Basi mama apande muhogo wake, nami nitengeneze redio za watu."

Alilisema kama jambo dogo. Lakini usiku ule nilimwona ameiweka ndege juu ya meza ya kulia, nasi tukala mkekani.

Mrushaji wake wa kawaida, jirani yake wa kibandani, alikuwa na harusi kwao. Ndipo nikapandishwa cheo. Nilijaribu kuugua, haikukubali.

Mama mkwe alipotuona tunashuka na lile dude limefungwa shuka, akaweka ndoo chini. Nikainama, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Wallahi leo jua limetokea magharibi. Ni wewe kweli, au ni nduguyo?"

"Ni mimi, mama."

"Waona? Nasema mwanangu aja na mzigo, kumbe mizigo miwili."

Sasa, mkwe ukweni ni mgeni wa heshima, na mkwe asiyeonekana ni mgeni wa heshima maradufu. Mama mkwe hakuniuliza nitakula nini. Alikwisha agizia samaki tangu alfajiri, aliposikia nakuja, japo hakuamini mpaka aliponiona: kolekole mmoja mkubwa kama mkono wa mtu, na changu wa kutosha. Akaketi na ubao wake wa kuparia samaki kando ya kisima, mwisho wa konde, akaanza kuwapara magamba na kuwatoa matumbo. Mimi nilifurahi. Nilihesabu kolekole kuwa wangu. Wala sikuwatazama kunguru waliokuja mmoja mmoja wakajipanga juu ya ua.

Mke wangu hakumtazama samaki. Alikuwa ameshapiga goti majanini, anavijaribu vibao, anangoja ubongo uzisikie satelaiti zake. Akanipa ndege.

"Rusha kama unamtupia mtu mkate," akasema, "si kama unampiga mwizi jiwe. Pua juu kidogo. Usifumbe macho."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua mikono yangu ilikuwa mitupu, mota inalia kama nyuki ndani ya chupa, na ile selotepu yangu ya machungwa iko juu ya minazi ya jirani. Naapa ilipendeza. Kitu nilichokijua kwa kugonga saa yetu ya ukutani kilikuwa angani, kimenyooka, chepesi, hakina habari nami.

Mke wangu aliipandisha kwa rimoti, dole gumba huku na dole gumba kule, mpaka akaridhika. Kisha akabonyeza swichi, akaviachia vijiti vya rimoti.

"Nimeikabidhi," akasema taratibu.

Ikaenda. Ilifika pembe ya konde ikageuka, bila papara, kama mtu anayejua nyumba anakokwenda. Pembe ya pili ikageuka. Mke wangu alikuwa anasogeza midomo. Nilidhani ni dua, kumbe alikuwa anahesabu kimoyomoyo ni wapi igeuke, na ikawa yageuka palepale aliposema. Mzunguko wa kwanza ulipita juu yetu kwa kivuli chake, nami nikapiga makofi peke yangu.

Mzunguko wa pili ulipofika juu ya kisima, kunguru waliinuka.

Walikuwa wamekula matumbo ya changu, wameshiba, wamejiona wenye shamba, na hapa lapita dude jeupe la mabawa mapana juu ya karamu yao. Wakalifanyia vile wanavyomfanyia mwewe. Mmoja nyuma, mmoja juu, wengine wanapiga kelele za kuhimiza kama vijana penye ugomvi. Ndipo nikaelewa kwamba karamu ile ilikuwa ya heshima yangu.

"Shika!" nikamwambia mke wangu. "Shika vijiti, wataiangusha!"

Vidole vyake vilikuwa juu ya vijiti tayari. Kidogo tu angesogeza, na ndege ingemtii kama ilivyomtii siku zote. Badala yake akanigeukia akanisukumia rimoti kifuani.

"Shika wewe."

"Mimi? Mimi sijui kitu!"

"Ndiyo maana. Usiguse."

Akaiweka mikono nyuma, mmoja umeushika mwenzake, akarudisha uso juu. Nimeona watu wakifanya mambo ya nguvu, wapagazi, wavuvi, wanaovuta mkokoteni mlima wa feri. Sijaona nguvu kama ya mwanamke yule aliyesimama na mikono yake mgongoni akikitazama kitu chake kinapigwa. Mimi nimesimama kando, rimoti nimeinyanyua mbali na mwili kama sahani ya moto, madole gumba mawili yako hewani.

Kunguru wa juu akateremka, akalipiga bawa la kushoto. Nilisikia. Ndege ikalala ubavu, ikashuka, pua ikaelekea kwenye ua wa mama mkwe. Nikafungua mdomo. Kisha vibao vikajikunja, mara moja tu, na ndege ikajinyoosha kama mtu aliyejikwaa njiani akaendelea kutembea asionekane kajikwaa. Ikapanda ikarudi kimo chake. Kunguru akazunguka kuitafuta pale alipoiacha, haipo.

"Kofi," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. "Lile kofi lako la sebuleni."

Ikapigwa tena kwenye pembe, ikajinyoosha tena. Mzunguko wa tatu kunguru walianza kuona aibu, wakabaki wawili tu wakaidi, nao walikuwa wanaisindikiza zaidi ya kuipiga. Ikamaliza pembe ya mwisho, ikaja moja kwa moja mpaka juu yetu, ikaanza kuzunguka duara dogo palepale nilipoitupa. Hakuna aliyeigusa. Mimi naapa sikugusa.

Mke wangu akaleta mikono mbele. Ilikuwa na alama za kucha zake mwenyewe. Akaichukua rimoti, akaishusha majanini polepole, ikateleza, ikasimama. Ndipo akaketi chini, palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa mtandio. Nikamwachia faragha yake. Nikaenda kuiokota ndege. Bawa la kushoto lilikuwa na tundu la mdomo wa kunguru, limepita katikati ya selotepu yangu.

Nilipogeuka nikamwona mama mkwe. Alikuwa katikati ya konde, kisu mkononi, magamba yanametameta mpaka viwikoni. Sijui alifika lini pale.

"Nani alikuwa akiiendesha?" akamuuliza bintiye.

"Hakuna, mama."

"Na kile kilichokuwa mkononi mwa mkwe?"

"Alikuwa ameshika tu."

"Ah," mama mkwe akasema, "kama kawaida yake."

Tukarudi kisimani. Ubao wa kuparia ulikuwa mahali pake, ndoo mahali pake, changu wawili wadogo wamebaki na kichwa cha kolekole. Kiwiliwili hakikuwepo. Juu ya ua kunguru mmoja alikuwa anafuta mdomo wake, upande huu, upande ule. Mama mkwe ni mtu ambaye, kwa wote wanaomjua, hajapata kumwachia kunguru hata utumbo bila kumrushia jiwe. Aliutazama ubao ule kitambo. Nikangoja ghadhabu. Akaokota kichwa cha kolekole akakisuuza, basi.

Tulikula wali wa nazi na wale changu wawili, kichwa nikapewa mimi kwa kuwa ndimi mgeni. Hakuna aliyetaja trekta. Mke wangu alikuwa anakula kwa vidole viwili, macho yako kwenye tonge. Alikuwa amepata alilolitaka, na kesho yake mahali pa kulifanyia tena hapapo. Hilo nililiona bila kuambiwa.

"Wewe," mama yake akamwita.

"Abee, mama."

"Upande ule wa kisima mpaka kwenye njia, siutii muhogo."

Mke wangu akainua uso. "Ulisema konde zima."

"Ardhi ile imechoka na muhogo. Nitatia kunde." Akajaza wali sahani yangu bila kuniuliza. "Kunde haivuki goti. Kitu kitakachotua juu yake hakiumii, wala hakiumizi sana."

Mke wangu aliendelea kula, ila sasa kwa vidole vyote. Mama mkwe akanigeukia mimi niliyekuwa napambana na jicho la kolekole.

"Na wewe mkwe, kwa kuwa sasa una kazi ya kushika, utakuwa waja. Ila ukija sinunui samaki tena. Nitachinja kuku, tena nitamchinjia ndani."