Mjeledi wa Nailoni wa Chwaka

Juzi nilikwenda sokoni Darajani kununua kamba ya kuanikia nguo. Mwenye duka, kijana mwenye haraka zake, alinipimia pima sita, akakata, kisha akatoa kibiriti cha gesi akaichoma ile ncha ili isifumuke. Ukapanda moshi mwembamba wa nailoni inayoungua, na mimi, mama wa watoto watatu, nikabaki nimesimama njiani na kikapu changu nikinusa hewa, watu wananipita huku na huku. Kijana akaniuliza, "Mama, umepotelewa na kitu?" Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafika Chwaka, nina umri wa miaka kumi na moja, na kidole changu cha shahada kina lengelenge.

Labda sijapata kukusimulia habari za likizo ile. Nyumba yetu ilikuwa Mji Mkongwe, mtaa wa Mkunazini, ghorofa ya pili, na mambo yetu yote yalikuwa ya huko juu: kuchungulia dirishani, kuanika nguo roshani, kuteremsha kikapu kwa kamba muuza mikate ya boflo akipita chini. Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama alikuwa anakaribia kujifungua, nikapelekwa kwa mama yake, kijijini Chwaka, likizo nzima. Kule nilikuwa kichekesho. Maji ya bahari yakitoka sikujua hata kutembea pwani, nikikanyaga kila chenye mwiba. Watoto wa mtaa wa Bibi walinipa jina la Bi Ghorofa, na usidhani lilikuwa jina la heshima.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache, na alilima mwani kama wanawake wengi wa pale. Asubuhi alijifunga kanga zake akaingia baharini, maji ya magotini, kufunga mwani kwenye kamba. Mchana alirudi ana chumvi hadi kwenye nyusi, akapika mhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga ambao mpaka leo sijapata kula mwingine mfano wake. Alasiri alikaa barazani kusuka ukili, ule msuko mrefu bapa wa kushonea mikeka. Aliona mtoto wa kike asiyejua ukili ni hasara tupu, kwa hiyo kila siku alinikalisha ubavuni kwake na miyaa saba ya mkindu mkononi, nami nikasuka kwa kununa. Nikikosea hakunigombeza. Alifumua tu, akanirudishia.

Basi nyumba ya pili alikaa jirani mwenye gari la ng'ombe, mwanamume mrefu wa kofia iliyopauka, sote tukimwita Mjomba. Alibeba kuni, mawe na makuti, na kila Alkhamisi alibeba magunia ya mwani mkavu ya kina mama kuyapeleka kwenye ghala la mnunuzi, mwisho wa kijiji. Ng'ombe wake alikuwa dume kubwa la nundu, jina lake Bwana Harusi, kwa sababu hakuna aliyeweza kumharakisha. Na Mjomba hakumpiga hata siku moja. Alikuwa na mjeledi wa nailoni alioutengeneza mwenyewe, mrefu kupita mimi. Aliutupa hewani, akauvuta, ukalia pa, kama mlango uliobamizwa na upepo, na Bwana Harusi akaondoka. "Ng'ombe wangu hapigwi," akisema. "Anaambiwa."

Mara ya kwanza kuusikia mlio ule nilidondosha kikombe cha chai. Mara ya pili nilikimbia kuufuata. Hadi jioni ya siku hiyo nilikuwa nimeshaugua: nilitaka niutoe mimi, kwa mkono wangu, na ng'ombe aondoke kwa neno langu mimi. Watoto wote wa mtaa walitaka hivyo hivyo, na Mjomba alikuwa na sharti moja ambalo hakulipunguza. Anayetaka kukaa mbele na kushika kamba za ng'ombe siku ya Alkhamisi aje na mjeledi aliousuka kwa mikono yake mwenyewe, na ulie mara tatu mbele ya watu. Wavulana watatu walikuwa wameshakaa mbele, na hawakuacha kututangazia. Msichana, hata mmoja. Nilipomwambia Bibi nataka kusuka mjeledi alisema, "Mtoto wa kike na mjeledi, wapi na wapi?" Hakuongeza neno, nami nikaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Kamba zilikuwa za bure. Pwani ilijaa vipande vya kamba za mwani zilizokatika, buluu, kijani, vingine rangi yake imeshakwenda na maji. Niliokota, nikatenganisha nyuzi, nikajificha nyuma ya jiko nikasuka siku tatu, na kazi yangu ikanipendeza mno: laini, rangi zimepangika, kingo zimenyooka. Nikautoa kiwanjani mbele ya wote, nikautupa hewani kwa nguvu zangu zote. Ukaanguka mchangani fwata, kama kanga mbichi. Nikajaribu tena, fwata. Mvulana mmoja akauokota, akajipima nao kiunoni. "Bi Ghorofa, huu mkanda. Kamfungie babako suruali."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Unajua nilichokuwa nimefanya? Nilikuwa nimesuka ukili. Huo ndio msuko pekee niliofundishwa, na mikono ilikwenda yenyewe bila kuniuliza. Mjeledi bapa haulii, upepo unaushika njiani, na mimi nilikuwa na mjeledi bapa mzuri kuliko yote Unguja.

Sikulia, ingawa ilibaki kidogo. Nikamfuata Mjomba bandani alikokuwa akimpa Bwana Harusi majani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nnasikia umesuka mkanda."

Nikamwomba anionyeshe. Alijifuta mikono kwenye msuli aliojifunga kiunoni, akafikiri. "Kuonyesha ntakuonyesha," akasema. "Kukusukia, sikusukii."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akafunga nyuzi nne kwenye kidole gumba cha mguu wake, akaanza polepole. Uzi wa pembeni kulia unapita nyuma ya mbili, unarudi mbele ya mmoja. Kisha wa pembeni kushoto, vivyo hivyo. Katikati unaweka kiini, fungu la nyuzi zinazofunikwa na msuko, na kila ukishuka shibiri moja unapunguza uzi, ili mjeledi uanze mnene kwenye kishikio na uishe mwembamba. Mwisho kabisa unafunga kipande cha mshipi wa kuvulia, na ncha zote unazichoma kwa kaa la moto. Nilimtazama bila kupepesa. Msuko ukajiviringa wenyewe mbele ya macho yangu, mviringo kamili, hauna mbele wala nyuma. Nilirudi nyumbani mbio, midomo inakwenda: nyuma ya mbili, mbele ya mmoja, nyuma ya mbili, mbele ya mmoja.

Kwa siku kadhaa sikuwa na akili nyingine. Nilisuka nikingoja uji upoe, nilisuka nikitumwa dukani. Bibi akiniita niliitika "Naam" na sinyanyuki. Vidole vilinuka moshi wa nailoni, na lile lengelenge nililipata kwa kuiminya ncha kabla haijapoa, nikajiona fundi kwelikweli. Tatizo likawa kamba zenyewe. Zile za pwani zilikuwa zimeliwa na jua, nikizikaza zinakatika. Na nyuma ya mlango wa Bibi, kwenye msumari, zilining'inia kamba mpya za kijani, zinang'aa, ameshazikata tayari kupandia mwani siku za bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa. Nikajiambia ni nyingi, hatojua. Nikachukua moja.

Kamba mpya ni raha nyingine. Inateleza, inakaza, inatii. Jumatatu jioni mjeledi wangu wa kijani ulikuwa umebakisha shibiri mbili tu. Jumanne asubuhi Bibi akazishusha kamba zake, akaziweka moja moja begani, akasita. Aliutazama mkono wangu, ambao ulikuwa umejificha nyuma ya mgongo.

"Lete."

Nikaleta. Akaupitisha kidole kwenye msuko, toka juu hadi chini, na nadhani kama isingekuwa hasira angeusifu.

"Fumua," akasema.

"Bibi, Alkhamisi ndiyo ya mwisho, Ijumaa nnarudi mjini."

"Bamvua halikungoji weye wala Alkhamisi yako. Bila ya kamba hii nna mstari mtupu baharini. Fumua."

Nilifumua huku machozi yakinidondokea mapajani, kazi ya siku nyingi ikaisha kabla chai haijapoa. Kisha tukakaa uani, yeye ncha moja, mimi ncha nyingine, tukaisokota upya ile kamba. Ilitoka na vifundo, imejikunja kunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa, lakini ilifaa. Bibi akaiweka begani pamoja na zile nyingine, akaenda zake pwani. Nilikuwa na siku moja tu, na sina kamba.

Jumatano mchana alirudi na pakacha la mwani kichwani, na juu ya mwani pana furushi la kamba kuukuu za kijani. Alikuwa amezichagua moja moja huko, akazisugua kwa mchanga, akakata sehemu zilizooza. "Hizi za kwako," akasema, akapita moja kwa moja jikoni.

Nikaanza upya. Nilisuka kama mtu anayefukuzwa. Lengelenge likapasuka, chumvi ya zile kamba ikaingia, nikawa navuta pumzi kila nikikaza. Nilipofika katikati, pale pa kupunguza nyuzi ambapo ukizembea msuko wote unalegea, nikaegemea nguzo ya baraza nifumbe macho kidogo tu. Nikaamshwa na adhana ya alasiri. Mjeledi ulikuwa mapajani pangu kama nilivyouacha, ila umekua. Shibiri tatu nzima za katikati, zimekazwa sawasawa, sindano isingepita. Hakuna aliyepata kumfundisha Bibi msuko ule. Amemwona jirani yake akiusuka miaka na miaka, basi, na mikono yake ilikuwa ya ukili tangu utotoni.

Kutoka jikoni nilisikia nazi inakunwa. Nikaenda nikasimama mlangoni. Hakuinua uso. "Malizia," akasema, "jua linakwenda."

Alkhamisi magunia yalipakiwa, Bibi akapandishwa juu yake kuyalinda, na watoto wote wakajipanga kiwanjani kutazama mkanda mwingine. Nikautupa, nikauvuta. Pa. Mlio ule niliusikia mkononi kabla ya masikioni, ukanipanda hadi begani, na mwili mzima ukanisisimka. Tena, pa. Wa tatu ulitimua kuku wa nyumba nzima. Yule aliyejipima kiunoni akarudi nyuma hatua mbili.

Mjomba akauchukua. Akaupitisha vidoleni toka kwenye kishikio, taratibu, akafika katikati, vidole vikasimama. Akarudi juu kidogo, akashuka tena. Nilijua alichokigusa. Akainua uso kwa Bibi.

"Kausuka mwenyewe huyu?"

Bibi hakuwa mtu wa uongo, hata wa mzaha. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mjomba.

"Itazame mikono yake," akasema.

Mjomba akaishika mikono yangu, akaigeuza, akaiona ilivyochubuka. Akanirudishia mjeledi. "Haya, panda."

Nikapanda. Tangu siku hiyo nimepanda mengi, hata ndege, lakini sijakaa tena mahali pa juu kama ubao ule wa mbele. Kamba za ng'ombe mkono wa kushoto, mjeledi wa kulia, nikaipiga hewa, na mnyama yule mkubwa akaondoka kwa sababu mimi nimemwambia. Magunia yalinuka bahari na jua. Watoto walitukimbilia nyuma, wavulana nao wamo. Kina mama walitoka milangoni, wakauliza huyo mjukuu wa nani, na Bibi akajibu, "Wangu," kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Walipouliza mjeledi mzuri vile kausuka nani, akawa anajikaza kanga yake.

Siku hizi magunia yanabebwa na gari la mizigo, na kiwanja kile kimejengwa. Mjeledi wenyewe sijui ulikoishia, nadhani ulitupwa tulipohama Mkunazini. Mjomba alifariki, na Bibi miaka michache baada yake. Kwa miaka yote hiyo Chwaka walinijua kwa jambo moja, msichana aliyekaa mbele kwa mjeledi wake mwenyewe, nami nikaiacha sifa ikae. Kila likizo nilisema nitamwambia Mjomba, halafu nikasema likizo ijayo. Bibi naye sikumshukuru, maana kumshukuru kungekuwa kulisema jambo lenyewe, na sisi wawili tulikuwa tumelinyamazia vizuri mno. Nilidhani muda upo. Sasa hayupo wa kunikasirikia wala wa kumshukuru, na hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Basi nakwambia wewe: shibiri tatu za katikati, zile zilizoufanya ulie, zilikuwa za Bibi.