Tulicheka Mpaka Muda Ukapita

Kuna siku moja, mwanangu, hata nikitaka initoke kichwani haitoki. Nilikuwa nimesimama bomani Iringa, kofia mkononi, na karani wa mahakama ananiuliza swali dogo tu: "Hiyo nyumba uliimaliza lini?"

Nilikuwa kijana, fundi mwashi, enzi hizo Mwingereza bado anatawala. Mwenye nyumba alikuwa Komba, Mngoni mwenye duka mjini. Nilimjengea kwa matofali ya kuchoma, tangu msingi mpaka bati la mwisho. Saruji niliikopa kwa jina langu, na baba yangu akaweka shamba lake la Idodi kuwa dhamana. Komba akahamia. Ujira wangu akasema niufuate mwisho wa mwezi.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipopigana vita, na mtani akikutania huruhusiwi kununa. Ukinuna umeuaibisha ukoo mzima. Kila nilipokwenda kudai, Komba alipaza sauti mbele ya wateja: "Jamani, mateka wangu kaja kudai mshahara! Babu zangu walimwachia roho, yeye anataka na hela!" Watu wanaangua kicheko. Nami nacheka, nakunywa chai yake, narudi nyumbani mikono mitupu. Lakini moyoni hofu inanitafuna, maana yule aliyenikopesha saruji hakuwa mtani wangu.

Shangazi yangu alinionya. "We mtoto, meno nje, shamba linakwenda! Utani ni wa mdomo, deni ni la jasho. Nenda bomani."

"Shangazi, nimshitaki mtani? Watu watanionaje?"

Akanitazama kwa huruma, akaendelea kupepeta ulezi wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini mimi niliona afadhali tumbo liume kuliko kupata aibu.

Basi, nilipokwenda hatimaye, ndipo karani akaniuliza lile swali. Nikamjibu kikulima: kazi iliisha wakati wa mavuno ya mahindi, tangu hapo tumevuna mara tatu, na sasa mvua zimeanza tena. Akaweka kalamu chini.

"Dai la ujira wa kazi lina miaka mitatu tangu kazi ilipokwisha. Ya kwako imepita. Mlipokuwa mnacheka, miaka ilikuwa inakwenda. Kabla haijaisha, angekuandikia hata mstari mmoja kwamba unamdai, hesabu ingeanza upya. Una maandishi yake yoyote?"

Sikuwa nayo. Nilitoka pale sijui nitamwambia nini baba.

Shamba likachukuliwa. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikula kidogo kidogo, na kabla ya mavuno mengine akafariki.

Siku ya maziko Komba akaja, maana mtani lazima aje. Jeneza halijashushwa, akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali. "Sitoki! Mzee hazikwi mpaka nilipwe!" Ndiyo mila yetu: mtani hulipwa, ndipo atoke. Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kisha wote wakanigeukia mimi, mtoto wa marehemu.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikamlipa.

Mwanangu, cheka na mtani wako, kula naye, mzike. Lakini ukimfanyia mtu kazi, uwe fundi, uwe mganga, uwe wakili, dai ujira wako mapema. Akikuomba subira, mpe, ila aandike kwa mkono wake kwamba unamdai. Ukiona muda unakaribia kwisha, nenda mahakamani hata kama uso unakuwaka kwa haya. Haya haisimamishi miaka.

Mungu akujalie jasho lenye malipo. Na siku mtakayonizika mimi, atakayejilaza kaburini mwangu asiwe mtu unayemdai.