Nusu Inchi na Tamthilia ya Saa Kumi

Fundi yule wa nguo alikuwa na jicho, na alijua kwamba analo. Shida yenyewe ilianzia hapo. Mtu akipita ng'ambo ya barabara suruali imemzidi nusu inchi, fundi alisimamisha cherehani na kumwonea huruma kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Ndipo watu wakambandika jina la Nusu Inchi, naye akalipokea kama cheo. Kwenye droo ya meza ya kukatia alikuwa na madaftari manane ya vipimo: vifua, viuno na mabega ya wateja wa miaka thelathini, wengine wameshazikwa. Vipimo vya mkewe havikuwemo. Desturi ya duka lile ilikuwa kwamba mke wa fundi anajishonea mwenyewe, kwa masalio ya vitambaa vya watu, magauni mapana yenye mishono mahali pasipohitaji mshono.

"Nimpange foleni na wateja?" alikuwa akisema, kisha akajichekesha mwenyewe.

Mkewe ndiye aliyetia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, na mbele yake, juu ya kabati la vitambaa, ilikuwepo televisheni. Kila siku saa kumi za jioni msusi wa duka la pili alikuja na kiti chake cha plastiki, akaketi kando yake, na tamthilia ya Kikorea ikaanza, imetiwa sauti za Kiswahili ambazo hazikulingana na midomo. Na fundi naye akaanza yake.

"Haya, upuuzi umefika!"

Ilikuwa hadithi ya binti muuza maua na mkurugenzi wa kampuni, kijana tajiri mwenye nywele za kuchanwa kwa saa nzima. Katika vipindi vitatu vya kwanza binti alianguka mara nne, na mara zote nne akaangukia mikononi mwa mkurugenzi. "Huyu hana miguu ya kusimamia?" fundi aliuliza. "Na hii kampuni haina kazi? Bosi anashinda barabarani anadaka wasichana?" Mvua ikinyesha, mkurugenzi alisimama ameloa chapachapa na mwavuli anao mkononi. Lililomkera fundi kuliko yote lilikuwa koti. Mtu ana magari matatu, na bega la koti limemkaa kana kwamba ameliazima! Tena kijana mwenyewe ni domo zege: vipindi kumi na viwili vimepita na neno "nakupenda" halijamtoka.

Siku mkurugenzi alipopiga magoti katikati ya barabara kumfunga binti kamba za viatu, fundi alipandisha sauti hata wapita njia wakachungulia mlangoni. "Mwanamume mzima! Magotini! Kwa kamba za viatu! Huyo msichana hana mikono?" Alibwata kipindi kizima. Mkewe alikuwa akimwambia jambo; akamjibu "haya, haya" bila kugeuka, akaendelea kutukana.

Na msifikiri kwamba mtu aliyeichukia tamthilia hivyo aliwahi kuikosa. Mteja aliyeingia saa kumi aliambiwa asubiri. Aliiangalia yote, kwa dharau, kuanzia muziki wa mwanzo hadi majina ya mwisho.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, mkurugenzi alimpelekea binti sanduku lenye utepe. Ndani mlikuwa na gauni. Binti akalivaa, nalo likamkaa barabara, kifuani, kiunoni, kila mahali.

Fundi aliruka kutoka kwenye cherehani. "Uongo! Uongo mtupu! Kampima lini? Nani amemwona na futi mkononi?"

"Amemwangalia, shemeji," alisema msusi. "Macho yake hayamwachi."

"Macho! Macho yangeshona, mimi ningekuwa nalala. Hiyo kazi haiwezi mtu ambaye si fundi."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Na fundi anaiweza?"

"Fundi yupi?"

"Wewe. Unishonee gauni bila kunipima."

Msusi akapiga makofi. Fundi akavimba kichwa, maana hakuna kilichomwingia kirahisi kama kusifiwa kabla ya kazi. Wakawekeana sharti pale pale. Gauni likimkaa mkewe, televisheni itashushwa kabatini na kutolewa dukani moja kwa moja. Lisipomkaa, fundi ataangalia kipindi cha mwisho, Ijumaa, kimya, mdomo umefungwa. Mkewe alikubali kwa upole ambao ungemtia shaka mtu mwenye akili.

Fundi akashusha kitambaa cha buluu alichokuwa akikificha chini ya bitana kwa miaka kadhaa, kitambaa laini ambacho wateja wawili walikiomba wakanyimwa. Akakitandaza, akashika chaki. Mkewe alikuwa hatua tatu nyuma yake akitia vifungo kwenye shati la mtu. Wala hakugeuka. Ageuke kutafuta nini? Alifumba macho, akamwona mkewe kama anavyomjua: mabega mapana, kiuno cha kujaa, nyonga za kupita mlangoni kwa madaha. Akachora, akakata, na mkasi haukusita hata mara moja. Siku nne alizoshona alipiga miluzi na kumwambia kila aliyeingia kwamba Ijumaa kuna televisheni inahama.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, mkewe aliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Msusi alikuwa ameshakaa. Fundi alisimama amekunja mikono, na tabasamu limemjaa tele.

Pazia likafunguka. Gauni lilitoka, na mke alikuwa humo ndani mahali fulani. Mabega yalimwanguka hadi karibu na viwiko. Kiuno kilining'inia.

Msusi aliyekuja tayari kucheka hakucheka. Fundi alisogea, na kwa mazoea tu akafinya kitambaa kilichozidi ubavuni. Inchi mbili na nusu. Akafinya upande wa pili, inchi mbili na nusu vilevile. Kwa mtu asiyemjua, angeiona hata nusu inchi kutoka ng'ambo ya barabara.

"Umekonda," akasema.

"Tangu mwaka jana."

"Umekonda na nini?"

"Ni sukari. Kila Jumanne nakwenda kliniki."

"Jumanne si unakwenda kwa dada yako?"

"Hivyo ulivyoamua wewe."

"Na mimi mumeo hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema mkewe, bila hasira. "Siku ya kamba za viatu. Ukasema haya, haya."

Akaikumbuka siku ile, yote. Viatu vilikuwa vyeupe. Mkurugenzi aliruka tundu moja la kamba, na goti la suruali yake likaingia tope. Hayo aliyaona sawasawa. Katika maneno ya mkewe hakubaki na hata moja.

Gauni la masalio la mkewe lilikuwa limetundikwa kwenye pazia, ndani nje. Akalishika. Ubavuni mlikuwa na mishono miwili ya mkono, wa pili ndani ya wa kwanza, kwa uzi wa rangi nyingine. Mkewe alikuwa amelipunguza mara mbili, mchana, kwenye kigoda kile kile, katika duka la fundi mwenye jicho. Fundi aliona haya, haya za kweli, zikampanda mpaka masikioni.

"Dada, niwashe au nisiwashe?" msusi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Washa. Si nimeshinda mimi?"

Fundi alifungua daftari, akatafuta ukurasa mtupu. Akavua futi shingoni, akampima mkewe kifua, akaandika. Kiuno, akaandika, akapima tena kama asiyeamini, akaandika vilevile. Kisha akatia pini mdomoni, akapiga magoti sakafuni ili apandishe pindo.

Kwenye televisheni mkurugenzi hatimaye alifungua kinywa. Binti alilia, na maua yakamwagika chini. Msusi alimtupia jicho fundi, akingoja tusi. Fundi hakuwa hata akitazama huko.

"Simama wima," alimwambia mkewe kwa taabu, pini zimembana midomo. "Usitikisike."

"Nimesimama wima, Fundi," alisema mkewe. "Ni mkono wako unaotetemeka."