Pua ya Fathia Noor

Kama ungemuuliza Fathia Noor ni wapi hapa duniani pamejaa watu wapuuzi kuliko kwingine kote, angekuelekeza kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya kliniki moja ya Isiolo, kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Watu wazima, ati! Mzee Mworia, mwalimu mstaafu aliyewachapa watoto wa mji huu miaka thelathini, anasimama kutoka kwenye kiti, anakaa, anasimama, anakaa, mara tano, halafu anajipigia makofi. Mwanamke mwingine anapuliza mrija ndani ya chupa ya maji, na povu likitoka anacheka peke yake. Fathia alikuwa akikaa pembeni, buibui lake limenyooka, anawatazama wote toka utosini hadi unyayoni, kisha anasonya.

Wote hao walikuwa wameugua Korona, wakaambiwa wamepona, na bado hawakuwa wazima. Aliyewasimamia ni Achuka, kijana wa Kiturkana, mtaalamu wa viungo, mrefu na mpole kupita kiasi. "Mama, vuta kwa pua," angesema, "toa kwa mdomo, pole pole, binua midomo kama unapuliza chai ya moto." Kubinua midomo! Hilo ndilo zoezi ambalo Fathia alilifanya vizuri tangu siku ya kwanza, maana alikuwa amewabinulia watu midomo maisha yake yote.

Yeye Korona ilimlaza wiki tatu kwenye oksijeni mwaka uliopita, ikamrudisha nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, mtu mwingine kabisa. Akitoka chumbani kwenda jikoni, lazima akae njiani. Akifua nguo leo, kesho na kesho kutwa hainuki kitandani. Jamaa wakaleta supu ya mbuzi, wakaleta kisomo cha Kurani, na wengine wakanong'ona kwamba ni uvivu tu. Achuka peke yake ndiye aliyemwambia aache kujikaza.

"Pumzika kabla hujachoka, Mama. Ukingoja uchoke, umechelewa."

"Kabla sijachoka? Nipumzikie nini sasa?"

Alicheka mpaka akakosa pumzi. Yeye, kitukuu cha askari, mtu wa ukoo ulioletwa hapa na jeshi la Mwingereza, apumzike kabla hajachoka! Lakini alifanya, tena kwa siri, mlango umefungwa, na baada ya miezi mitatu alikuwa akifika sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Hakumshukuru mtu. Jambo moja tu hakumwambia Achuka, wala daktari, wala binti zake, nalo lilikuwa pua.

Lazima ujue kwamba kwa miaka ishirini na minne Fathia alikuwa pua ya depo ya maziwa ya ngamia. Kila asubuhi maziwa hufika kutoka Kulamawe na vijiji vya upande ule, ndani ya mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi, na wanawake wenye maziwa wanapanga foleni mbele ya kiti chake. Anafungua kifuniko, anainama, anavuta mara moja tu. "Pita." Ama "Rudi." Hakuna kuonja, hakuna mashine, hakuna rufaa. Mtungi mmoja wa maziwa yaliyochacha ukimiminwa kwenye pipa, pipa zima limekwenda, na Nairobi hawatanunua kwako tena. Wanunuzi wa huko hupiga simu na swali lao ni moja: "Yamepita kwa Fathia?" Watu walimwogopa, naye alipenda kuogopwa, hakuficha.

Pua hiyo Korona iliibeba yote. Hakusikia ubani, hakusikia kitunguu kikiungua, hakusikia mjukuu aliyejichafua mapajani mwake. Na depo ikijua, kiti kinakwenda kwa Ubah, mke wa kaka yake, aliyefanya kazi hapo hapo. Ubah! Mwanamke wa sauti ndogo, wa kusema samahani hata kwa mbuzi anayempisha njia. Fathia alimdharau kwa mwendo wake, kwa viatu vyake, kwa namna alivyoshika kikombe. Aliapa kwamba Ubah hatakikalia kile kiti yeye akiwa hai, basi akarudi kazini akiwa bado anahema, akaanza kusoma nyuso.

Ndiyo, nyuso. Anafungua kifuniko, anainama, anavuta hewa tupu, halafu anainua macho na kumtazama mwenye mtungi. Mwenye maziwa mazuri ana haraka na mambo yake, anatazama huko nje. Mwenye mabovu anatazama pua. Anayechezea leso, rudi. Anayechekacheka, rudi. Na ikafanya kazi, wallahi! Miezi minane, hakuna lalamiko hata moja kutoka Nairobi. Hapo ndipo kichwa kilipomvimba kabisa. Kumbe watu ni wepesi hivi! Kumbe miaka yote alikuwa anajisumbua kunusa, na walichohitaji ni mtu wa kuwakazia macho.

Mwepesi kuliko wote alikuwa Talaso, mjane kijana wa Kiborana aliyetoka mbali kule Kulamawe na mtoto mgongoni. Ngamia wake wa maziwa walikuwa wawili tu. Huyo akifika mbele ya kiti alitetemeka mpaka kifuniko kikagonga mtungi. Fathia hata kuinama aliona ni kazi bure. "Rudi." Katika mwezi mmoja alimrudisha mara nne, na Talaso hakubisha hata mara moja. Alibeba mtungi wake akaondoka.

"Anaongeza maji ya kisima huyo," Fathia aliwaambia wenzake. "Mtazameni. Hata kudanganya hajui."

Sasa, Alhamisi moja jirani wa kliniki alichoma takataka za plastiki, na moshi wote ukaingia chumba cha mazoezi. Mzee Mworia akajifunika kwa shati. Yule wa mrija akakimbilia nje akitukana. Fathia aliendelea na zoezi lake, anavuta kwa pua, anatoa kwa mdomo, ametulia tuli, anashangaa hawa wajinga wanakimbilia wapi. Alipogeuka alimkuta Achuka anamtazama.

Jumanne iliyofuata Achuka alikuja na chupa ndogo zilizofungwa karatasi. Limau, karafuu, kahawa, ubani. "Hii pia ni mazoezi, Mama," alisema. "Pua inafundishwa upya kama mguu. Unanusa asubuhi na jioni, miezi kadhaa, na mara nyingine inarudi."

"Pua yangu haina shida."

"Basi tujaribu tu."

Akamsogezea chupa moja. Fathia akavuta, kisha akafanya kile alichokizoea, akamtazama usoni. Achuka alikunja uso na kurudisha kichwa nyuma kidogo, kama mtu aliyepigwa na kitu kikali.

"Karafuu," Fathia akasema papo hapo.

"Ni maji, Mama. Nimechota hapo kwa bomba."

Mzee Mworia, aliyekuwa katikati ya kusimama, akakaa.

"Wewe ni mtoto mjinga," akamwambia Achuka, "na mama yako hakukufunza adabu."

"Pengine," Achuka akajibu, bila kukasirika, na hilo lilimuudhi zaidi. "Lakini pale depo, Mama, ni nani anakunusia?"

Fathia alinyakua mkoba akatoka. Alitembea mbio kama mtu ambaye hajawahi kuugua, na hakufika mbali. Ikabidi akae kwenye ngazi ya duka la watu, kifua kinapanda na kushuka, wapita njia wanampa salaam aleikum na yeye hana pumzi ya kuijibu. Aliwalaani wote, Mworia, na Achuka na chupa zake zile. Siku mbili hakutoka kitandani, na siku zote mbili lile swali lilikaa naye.

Siku ya tatu alirudi kwenye kiti. Foleni ilikwenda, pita, pita, rudi, pita, mpaka akafika Talaso na kutetemeka kwake.

"Rudi," alisema Fathia.

Lakini leo Talaso hakubeba mtungi. Alimwaga maziwa kidogo kwenye kifuniko, akamshusha mtoto mgongoni, akamnywesha. Mtoto alikunywa yote, akanyoosha mkono kutaka tena, naye akamwongeza. Foleni nzima iligeuka kutazama, kwa maana hakuna mama atakayemnywesha mwanawe maziwa mabovu ili ashinde ubishi. Fathia alimtazama usoni. Uso ulikuwa ule ule, unatetemeka. Akatambua kwamba uso wa mwizi na uso wa mtu anayemwogopa Fathia Noor ni uso mmoja, na kwa miezi minane hakuwahi kuwatofautisha.

Ubah alikuwa amesogea. Aliinama juu ya mtungi, akavuta. "Abaayo," alisema kwa ile sauti yake ndogo, akimwita dada, "haya ni mazuri."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana." Ubah akamwinamia sikioni. "Tunajua tangu Ramadhani, uliporudi kazini. Ukishaondoka, mimi hunusa upya kila mtungi uliopita, kabla haujamiminwa kwa pipa."

"Na mibovu?"

"Tunaitoa. Ni mingi siku zingine."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nani angethubutu?"

Basi ndiyo maana Nairobi hawakulalamika. Miezi minane alikuwa amelindwa na mwanamke ambaye yeye hakumpa hata habari za asubuhi. Fathia akauliza: "Na ile niliyoirudisha?"

"Hiyo huondoka na wenyewe," Ubah akasema. "Hatuifikii."

Fathia alisimama, akishika mgongo wa kiti. "Sikieni," akasema kwa sauti. "Sina pua. Korona iliichukua mwaka jana, na sinusi kitu." Akangoja wamcheke, maana yeye angewacheka. Hakucheka mtu. Akamgeukia Talaso. "Yale maziwa niliyokurudisha nayo. Uliyafanyia nini?"

"Nilimwaga."

"Uliyamwaga na ulijua ni mazuri?"

"Sikujua, Mama. Kwangu ilinukia vizuri. Lakini wewe ndiye unajua, kila mtu anasema hivyo. Uliposema mara ya nne nikafikiri ngamia mmoja ni mgonjwa, yule mkubwa. Nikampeleka kwa mchinjaji." Alimpandisha mtoto mgongoni, akamfunga. "Leo nilikuja na maziwa ya yule aliyebaki, ukasema tena rudi, na mtoto ameinywa tangu asubuhi haumwi. Ndiyo nikashangaa." Akamtazama Fathia. "Kwa hivyo yule mkubwa hakuwa mgonjwa?"

Fathia alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumdharau, akampata mmoja tu.

"Hakuwa mgonjwa," alisema. "Mgonjwa nilikuwa mimi."